Barua ya Mji Mdogo kwa Serikali Kubwa: Historia ya Maombi ya Fedha za Miradi Nchini Marekani



Ndugu msomaji, yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya mtaa anaijua barua hii. Mnataka kuchimba kisima, au kuezeka zahanati, au kuweka kivuko mahali ambapo watoto wanavuka mto kwenda shule. Michango imefika nusu na kuishia hapo. Mtu mmoja anasema, "Tuiandikie serikali." Mwingine anauliza, "Sawa, lakini huko tunamjua nani?" Swali hilo la pili ndilo linalouma. Kwa nini barua isipimwe kwa uzito wa haja iliyomo ndani yake, mpaka awepo mtu tunayemjua?

Tusidhani kwamba jambo hili ni la nchi maskini peke yake. Leo tuitazame Marekani, taifa ambalo limehangaika na swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka 200, na wala halijamaliza.

UFUNGUO WA HAZINA

Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka 1787 katika mji wa Philadelphia. Ndani yake mna sharti kwamba fedha hazitoki hazina ila kwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Rais anaweza kupendekeza na mawaziri wanaweza kuomba, lakini ufunguo uko kwa Bunge lenye mabaraza mawili, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti. Kisha mwaka 1791 yakapitishwa marekebisho ya kwanza ya Katiba, ambayo pamoja na mambo mengine yanamlinda mwananchi anayepeleka maombi yake serikalini. Kwa hiyo tangu mwanzo mambo mawili yalikuwa wazi: mwananchi ana haki ya kuomba, na anayemiliki ufunguo ni mbunge.

Miradi ya kwanza haikuleta ubishi mkubwa. Mwaka 1789 Rais George Washington alitia saini sheria iliyoikabidhi serikali kuu kazi ya kutunza minara ya taa ya pwani. Mnara wa Cape Henry, Virginia, ulikamilika mwaka 1792. Taa ya mnara inamwongoza kila nahodha, awe wa kaskazini au wa kusini, basi ni nani atakayelalamika?

Ubishi ulianza pale zilipoombwa barabara na mifereji. Barabara ina mahali inapoanzia na mahali inapoishia. Wanaoishi kando yake wananufaika, na wengine wanalipa kodi tu. Mwaka 1817 Bunge lilipitisha muswada wa kutenga fedha kwa ajili ya barabara na mifereji. Rais James Madison aliukataa siku moja kabla ya kuondoka madarakani, akisema kwamba Katiba haikulipa Bunge mamlaka hayo, hata kama kazi yenyewe ni njema.

Jimbo la New York lilikuwa limeomba msaada wa serikali kuu kwa mfereji mrefu wa kuunganisha Mto Hudson na Ziwa Erie. Halikupata. Badala ya kukaa na kulia, mwaka huo huo wa 1817 likaanza kuchimba kwa fedha zake lenyewe, chini ya Gavana DeWitt Clinton, na mwaka 1825 mfereji wa kilomita zaidi ya 580 ukafunguliwa. Barua iliyonyimwa jibu haikuwa mwisho wa mradi.

Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson naye aliukataa muswada wa barabara ya Maysville. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza: barabara yote ilikuwa ndani ya jimbo moja la Kentucky, hivyo kwa nini hazina ya taifa zima iilipe? Hoja hiyo haijafa mpaka leo. Ukimsikiliza mpinzani wa miradi hii katika zama zetu, utaisikia sauti ya Jackson.

KILA MTU APATE KIPANDE

Hata hivyo, maombi hayakukoma. Wabunge waligundua njia: usilete mradi mmoja ambao wengi wataupinga, leta miradi mingi katika muswada mmoja, kila mbunge apate kipande cha kupeleka nyumbani. Miswada ya mito na bandari ndiyo iliyokuwa mashuhuri kwa mtindo huo. Mwaka 1882 Rais Chester Arthur alikataa muswada wa namna hiyo wenye zaidi ya dola milioni 18. Alieleza kwamba gharama ikizidi, waungaji mkono nao huzidi, kwa kuwa kila eneo limo ndani. Bunge likamjibu kwa kuupitisha tena juu ya kichwa chake, ukawa sheria.

Wamarekani wana majina mawili kwa fedha hizi, na yote mawili yametoka kwa wanyama. La kwanza ni pipa la nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, akiba ya jikoni ya zamani ambayo kila mtu alitaka kuchovya mkono wake. Sisi pipa hilo hatulikaribii, lakini maana tumeielewa! La pili ni alama inayokatwa kwenye sikio la mnyama ili ajulikane ni wa nani. Wafugaji katika wasomaji wetu wanaelewa vizuri zaidi: ng'ombe ni wengi malishoni, lakini yule mwenye sikio lililokatwa hivi ni wa fulani. Ndivyo zilivyo fedha hizi. Ndani ya bajeti kubwa, kiasi fulani kimekatwa sikio kwa ajili ya daraja fulani, katika mji fulani.

Hapa ni vizuri kutofautisha na jirani zetu. Wakenya wanaufahamu mfuko wa maendeleo ya majimbo ya uchaguzi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambako kila jimbo lina fungu lake kwa kanuni iliyowekwa. Marekani hakuna fungu la namna hiyo. Kila mradi unaombwa kwa jina lake, na mmoja anaweza kupata huku jirani yake akikosa.

MWAKA WA 2005

Mwaka 1987 Rais Ronald Reagan alikataa sheria ya barabara iliyobeba miradi maalumu zaidi ya 100. Bunge likampita. Miaka 18 baadaye, mwezi wa Agosti 2005, Rais George W. Bush akatia saini sheria ya barabara yenye miradi ya namna hiyo zaidi ya 6,000. Tazama, ndugu msomaji, kutoka mia na kitu hadi maelfu sita.

Mmoja ulizua kelele kuliko yote. Katika jimbo la Alaska kuna mji mdogo wa Ketchikan, na ng'ambo yake kisiwa cha Gravina chenye wakazi wapatao 50. Daraja la kuunganisha pande hizo lilitengewa dola milioni 223. Watu wakaliita daraja la kwenda kusikokuwa na kitu. Kwa insafu ni lazima tuseme kwamba uwanja wa ndege wa mji huo uko kisiwani, na abiria huvuka kwa feri. Haja ilikuwepo. Lakini haikuwekwa kwenye mizani mbele ya watu, ipimwe pamoja na haja za miji mingine. Mwezi wa Novemba 2005 Bunge liliondoa sharti kwamba fedha hizo zijenge daraja, ila fedha zenyewe zikabaki Alaska. Mwaka 2007 jimbo likaufuta mradi.

Mwezi huo huo wa Novemba 2005 likatokea baya zaidi. Randy Cunningham, mbunge kutoka California aliyekuwa katika kamati ya matumizi ya ulinzi, alikiri mahakamani kwamba alipokea rushwa ya dola milioni 2.4. Waliompa walikuwa wakitafuta mikataba ya serikali. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 8 na miezi 4. Mwenye ufunguo alikuwa ameuza zamu yake mlangoni.

Mwaka 2007 zikawekwa kanuni za kumtaka mbunge ataje jina lake kwenye kila ombi na athibitishe kwamba hana maslahi ya fedha ndani yake. Lakini imani ya watu ilikuwa imekwisha. Kufikia mwaka 2011 mabaraza yote mawili yalikuwa yamesimamisha kabisa utaratibu huu.

MIAKA KUMI YA MLANGO KUFUNGWA

Wengi walishangilia. Lakini je, fedha zilirudi mifukoni mwa walipa kodi? Hapana. Zilibaki katika bajeti, na waliozigawa sasa walikuwa maofisa wa wizara, kwa mashindano ya maandiko ya miradi. Mji mkubwa wenye wataalamu wa kuandika maombi ulishindana vizuri. Mji mdogo, ambako karani mmoja ndiye mhasibu na ndiye mwandishi wa vikao, ulishindana kwa tabu. Mbunge aliyeijua shida ya bomba lao bovu hakuwa tena na nafasi ya kuliandika kwa jina.

Hivyo basi mwezi wa Februari 2021, Rosa DeLauro, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi ya Baraza la Wawakilishi, alitangaza kwamba mlango unafunguliwa tena, ila kwa masharti. Mwaka wa kwanza kila mbunge wa Baraza hilo aliruhusiwa maombi yasiyozidi 10. Kila ombi lilitakiwa kuwekwa wazi kwenye tovuti yake. Alitakiwa kuthibitisha kwamba yeye na familia yake ya karibu hawana faida ya kifedha humo. Makampuni ya biashara yalizuiwa. Ushahidi kwamba wakazi wenyewe wanautaka mradi ulitakiwa uambatishwe. Jumla yote haikutakiwa kuzidi asilimia 1 ya matumizi yanayopangwa kila mwaka, na ofisi ya ukaguzi ya Bunge ikapewa kazi ya kufuatilia.

Kwa bajeti ya mwaka 2022, ofisi hiyo ya ukaguzi ilihesabu miradi 4,963 yenye dola bilioni 9.1 hivi. Mwaka 2023 ikawa 7,234, dola bilioni 15.3. Mingi si ya kutangazwa kwa ngoma: mabomba ya maji, mitaro, vituo vya zimamoto, zahanati, barabara za mitaa.

NJIA YA BARUA

Barua inasafiri hivi. Mji au shirika linajaza fomu ya mbunge wake, mara nyingi kwa muda mfupi sana. Mbunge anachagua chache na kuzipeleka kwenye kamati. Kamati inapunguza. Muswada unapita mabaraza mawili, kisha Rais anatia saini. Hata hapo fedha haziji kwa gunia. Wizara husika hutaka mikataba, hesabu na uchunguzi wa mazingira. Miradi ya maji inayopitia wakala wa mazingira kwa kawaida hutaka mji wenyewe uchangie angalau asilimia 20, na mara nyingi mji hutumia kwanza, kisha hurudishiwa. Aidha, fedha hizi haziruhusiwi kugharimia ibada ya dini yoyote, yetu au ya wengine.

Na njia hiyo inaweza kukatika karibu na mwisho. Mwaka 2024 kamati za Bunge zilikwisha kuorodhesha maelfu ya miradi kwa bajeti ya mwaka 2025. Miji ilikuwa imekwisha kuona majina yake. Lakini Bunge lilishindwa kukubaliana juu ya bajeti kamili, na mwezi wa Machi 2025 ikapitishwa sheria ya kuendeleza matumizi ya mwaka uliotangulia bila miradi hiyo hata mmoja. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekula rushwa. Bomba lilikuwa bovu kama jana, ila karatasi haikufika.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kuomba fedha za umma si kuomba sadaka. Fedha hizo ni amana iliyotokana na kodi za watu, na mwenye haja ana haki ya kuieleza. Aibu ni kuficha. Historia hii yote inaonyesha kwamba maombi yaliharibika yalipopita gizani, na kufunga mlango hakukuondoa tatizo, bali kulibadilisha tu nani anafaidi.

Pili, iandikeni barua ambayo mnaweza kuisoma kwa sauti mbele ya mtaa mzima, pamoja na jina la mwenye ardhi, jina la fundi na bei ya kila mfuko wa saruji. Kama kuna mstari ambao mwenyekiti angependa auruke wakati wa kusoma, mstari huo utawaangusha siku moja.

Tatu, msitumie fedha ambazo hazijatiwa saini. Orodha si fedha. Na mchango wenu wa nusu msiuone mdogo, kwa sababu hata katika nchi tajiri mwombaji huulizwa yeye mwenyewe ameweka nini.

Basi wazazi wenzangu, siku kikao cha mtaa kitakapofika na mtu akauliza, "Huko tunamjua nani?", mjibuni kwanza kwa swali: "Barua yetu inaweza kubandikwa ukutani?" Kama inaweza, ipelekeni, mbaki na nakala yenye mhuri, na mrudi kuiulizia.

Wabillahi tawfiq.