Bure na Huru: Historia ya Herufi Moja

"Namba hii imetoka wapi?"

Aliyeuliza alikuwa mtahini wa nje, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na kidole chake kilikuwa kwenye jedwali la nne la mradi wangu wa mwisho chuoni. Namba yenyewe ilikuwa shilingi 34, wastani wa bei ya mtungi wa maji wa lita 20 mtaani Pipeline, Nairobi, siku ambazo mifereji imekauka. Nilikuwa nimezunguka huko wiki tatu na hojaji 100, nikipanda na kushuka ngazi za maghorofa, nikibisha milango ya watu wasionijua.

"Ni kompyuta ilitoa, Daktari," nikasema.

"Kompyuta hupewa kwanza, mwanangu, ndipo itoe. Ilipewa nini?"

Sikuwa na jibu. Kusema kweli, data ile sikuichambua mimi. Nilimpelekea jamaa fulani katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, kwenye mlango wenye karatasi iliyotangaza kwamba wanachapa, wanatoa kopi na wanachambua data. Jamaa aliingiza majibu yangu kwenye programu ya takwimu ya kulipiwa, ila nakala yake hakuna aliyeilipia. Kufuli lake lilivunjwa na mtu asiyejulikana, ikapita flashi kwa flashi mpaka ikamfikia. Akabofya hapa, akabofya pale, printa ikalia, nikapewa majedwali tisa. Nikalipa, nikaenda zangu.

Mtihani nilipita kwa kuchechemea. Lakini swali la yule mama lilikaa nami, na miaka kadhaa baadaye lilinifikisha kwenye historia ya herufi moja tu: R.

Kama hamjawahi kukutana, R ni lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu na kuchorea grafu. Watafiti wa mimea huitumia, wahandisi huitumia, wanaofuatilia magonjwa ya mlipuko huitumia. Huilipii hata ndururu. Na nilipoanza kuuliza kwa nini huilipii, niligundua hadithi inaanza kabla ya R yenyewe, kwa herufi inayofuata R katika alfabeti.

Mwaka 1976, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, John Chambers na wenzake walikuwa wamechoka. Maabara hizo zilikuwa za kampuni ya simu, na ndimo pia mlimozaliwa Unix na lugha ya C. Watakwimu wa huko walikuwa na hazina kubwa ya programu za Fortran, lakini kila swali dogo lilidai uandike programu nzima ya kuziita. Ilikuwa kama kuwasha jiko la mkaa kila unapotaka kikombe kimoja cha chai. Kwa hiyo wakatengeneza lugha waliyoiita S. Ukiwa na S unaiuliza data swali, inakujibu, jibu linazaa swali lingine, unauliza tena. Ni mazungumzo.

Baadaye S ikawa mali ya sokoni. Kuanzia 1988 kampuni moja ya Seattle iliuza toleo lake kwa jina la S-PLUS, na mwaka 1993 ikapewa haki ya peke yake ya kuiendeleza na kuiuza S. Hakuna dhambi hapo, watu wanafaa kulipwa. Ila sasa mazungumzo yale yalikuwa na kiingilio mlangoni.

Upande wa pili wa dunia, Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kulikuwa na walimu wawili wa takwimu: Ross Ihaka, mzaliwa wa nchi hiyo mwenye asili ya Wamaori, na Robert Gentleman kutoka Kanada. Shida yao ilikuwa ndogo, ya kawaida kabisa. Walikuwa na maabara ya wanafunzi iliyojaa kompyuta za Macintosh, na hawakupata programu ya kuwafaa kufundishia humo. Mapema miaka ya 1990 wakaamua kujiandikia yao. Ihaka alikuwa amesoma na kupenda lugha ndogo nadhifu iitwayo Scheme, na wote wawili waliijua S. Basi wakachukua utumbo wa Scheme wakauvisha sura ya S. Jina nalo halikuwasumbua. Majina yao wote wawili yanaanza kwa R, tena R ni jirani ya S.

Agosti 1993, mwaka uleule S ilipofungiwa kwa muuzaji mmoja, wawili hawa waliweka nakala za kazi yao mahali ambapo watakwimu wangeweza kuzichukua. Wachache walizijaribu. Mmoja wao, Martin Mächler wa Zürich, Uswisi, aliwashawishi waende mbele zaidi, watoe na msimbo wenyewe, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, hatua kwa hatua. Mwanzoni walisita. Msimbo ni kama daftari lako la jikoni, ukiutoa kila mtu ataona ulipokosea. Lakini hoja za Mächler ziliwashinda, na Juni 1995 wakaiachilia R chini ya leseni ya GPL.

Leseni hiyo ina historia yake. Iliandikwa na Richard Stallman, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya MIT ambako printa ilikuwa na tabia ya kukwama. Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu karatasi zinapokwama. Alipomwomba msimbo mtu aliyekuwa nao katika chuo kingine, alikataliwa, kwa kuwa mtu huyo alikuwa ameahidi kwa maandishi kutoutoa. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na 1989 ikatoka GPL ya kwanza. Masharti yake, kwa ufupi: tumia programu kwa lolote, isome ndani, ibadilishe, mpe mwenzako. Ila ukiigawa, uliyempa naye apate haki hizohizo pamoja na msimbo.

Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, bana. Kiingereza kina neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa, ndiyo maana wafuasi wa Stallman wamekuwa wakifafanua jambo hilo kwa miaka mingi. Sisi tuna bure na tuna huru, na hakuna mtoto anayeyachanganya. Nakala ya yule jamaa wa ghorofa ya tatu ilikuwa bure. Haikuwa huru hata kidogo. Ndani yake hukuweza kuchungulia, kuirekebisha hukuweza, na hata kukiri hadharani kwamba unayo hukuweza. Na si unajua bure ina maana nyingine kwetu? Kuna kazi, na kuna kazi bure.

Baada ya leseni, mambo yalienda mbio. Barua za makosa na maboresho ziliwazidi wale wawili, na mwaka 1997 likaundwa kundi la msingi la kuitunza R kutoka nchi mbalimbali. Mwaka huohuo, huko Vienna, Austria, Kurt Hornik na Fritz Leisch walianzisha CRAN, ghala ambamo yeyote angeweza kuleta kifurushi chake cha kuongezea R uwezo. Lilianza na vifurushi 12. Leo vimepita 20,000. Toleo la 1.0.0, lile la kusema sasa mnaweza kuitegemea, lilitoka 29 Februari 2000. Na John Chambers, baba wa S, baadaye alijiunga na kundi la watunzaji wa R. Mzee alikuja kuishi kwa wajukuu.

Mimi niliikuta kazini, miaka miwili baada ya kuhitimu. Mwenzangu wa meza ya pili alinionyesha kitu ambacho sijakisahau. R ina amri iitwayo sd, inayopima namba zako zimetawanyika kiasi gani kutoka kwa wastani. Kwa kawaida unaifuatisha na mabano yenye data. "Hebu iandike bila mabano," akasema. Nikaandika herufi mbili, nikabonyeza, na R ikanimwagia msimbo wa sd kwenye skrini. Mistari miwili mitatu tu. Nikaiona ikichukua kipeuo cha pili, kama Mwalimu alivyotufunza ubaoni. Nilikaa nikiiangalia. Miaka minne ya chuo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mashine kunionyesha inachofanya.

Sitawadanganya kwamba uhuru huu hauna gharama. Laptopu inanunuliwa, bando linanunuliwa, na ujumbe wa makosa unakuja kwa Kiingereza kikavu kinachoweza kukutoa machozi. Wanaoitunza wengi wao wana mishahara ya vyuo vya mbali. Ila mlango uko wazi kweli, na watu wanaupita. Nairobi ina tawi la R-Ladies, mtandao ulioanzishwa na Gabriela de Queiroz San Francisco mwaka 2012 ili wanawake wafundishane R. Hakuna anayehitaji kumvunjia mtu kufuli.

Basi wikendi moja nilishusha boksi kutoka juu ya kabati, nikatoa hojaji zangu 100, nikaziingiza upya, moja moja, kama zilivyoandikwa. Nikaomba wastani. R ikanipa shilingi 34, ileile ya jedwali la nne. Nikafurahi, halafu nikaomba orodha ya bei zote, ndogo hadi kubwa. Mwishoni mwa orodha kulikuwa na 99, halafu 99, halafu 99. Mara 17.

Hakuna aliyenunua maji kwa shilingi 99. Darasani tulifundishwa kwamba mtu akikataa kujibu, andika 99. Nikaandika. Jamaa wa ghorofa ya tatu sikumwambia, naye hakuuliza. Kompyuta ilipewa 99, ikajumlisha.

R nayo ilizimeza vilevile, tusiipambe. Tofauti ni kwamba safari hii hatua zangu zilikuwa zimeandikwa, mstari kwa mstari, ningeweza kurudi nyuma. Nikageuza kila 99 kuwa NA, alama ambayo R iliirithi kutoka kwa S, maana yake jibu halipo. Nikaomba wastani tena. R ikajibu: NA. Ikagoma. Ukiipa majibu yenye mapengo, haikupi wastani mpaka uiambie waziwazi kwamba umeyaona mapengo na umeamua kuyaruka. Nikaiambia. Shilingi 21.

Ningeweza kurudisha boksi kabatini. Shida ni kwamba nakala ya mradi ule nilimwachia mwenyekiti wa Nyumba Kumi kule Pipeline, mama mmoja aliyenipokea vizuri sana, na nilijua alikuwa akiitaja ile 34 kila baraza la chifu kuhusu maji. Nikapanda matatu Jumamosi, boksi mapajani.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo nimekuwa nikisema uongo," akasema.

"Uongo ni wangu, mama. Wewe uliniamini."

"Na hii ya sasa nitaiaminije?"

Nikaweka mezani ukurasa mmoja wenye mistari sita ya amri, nikamweleza kila mmoja unafanya nini, halafu nikamsogezea hojaji. Hakunijibu. Alivaa miwani, akalowesha kidole, akaanza kuzifunua moja moja akizitafuta zile 99, akihesabu kwa sauti.