Mvumo na Waya wa Tatu

Nyamwage ni njia panda. Basi la kusini likishavuka Daraja la Mkapa, hapa ndipo wanaposhuka abiria wa Utete, kisha wakatafuta bodaboda au gari la kuwafikisha makao makuu ya Wilaya ya Rufiji. Siku hiyo nilishuka na gitaa mgongoni, lakini safari yangu ilikuwa imeishia hapo hapo. Binti wa shangazi alikuwa anaolewa, na babu alikuwa amekwishatangaza kwamba kabla vijana wa singeli hawajachukua uwanja, yeye na mimi tutapiga nyimbo tatu za dansi.

Zamani babu alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya shirika moja la umma. Alichobaki nacho ni vidole na amplifaya moja nzito ambayo huifunika kwa kanga kuukuu kama mtoto aliyelala. Saa kumi jioni tuliichomeka ukutani nyumbani kwa shangazi, nikaunganisha gitaa, nikawasha. Kabla sijapiga hata uzi mmoja, uwanja ukajaa mvumo kama wa mzinga wa nyuki uliopigwa teke.

Fundi wa muziki, kijana aliyekuja na spika, mikisa na jenereta lake kutoka Ikwiriri, alicheka.

"Dawa yake ndogo hiyo, babu. Nipe koleo nikate waya wa ethi kwenye plagi. Kelele inakufa sasa hivi."

"Kelele itakufa," babu akasema. "Na mjukuu wangu je?"

Sikulielewa swali lile papo hapo. Nimelielewa baadaye, baada ya kusoma na kuuliza, na nimegundua kwamba jibu lake haliko kwenye amplifaya peke yake. Limo katika historia ya umeme wetu na ya muziki wetu pia.

Umeme wa kwanza wa umma Dar es Salaam ulianzishwa na serikali ya kikoloni ya Wajerumani mwaka 1908. Ulihudumia karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa Wajerumani wenyewe. Mwaka 1931, chini ya Waingereza, zikaanzishwa kampuni mbili binafsi, DARESCO na TANESCO. Serikali huru ilianza kununua hisa mwaka 1964, na kufikia 1975 shirika likawa mali yake yote. Vijijini umeme ulichelewa sana. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi 2007. Leo Mto Rufiji wenyewe unazungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115.

Umeme tunaoutumia leo una tabia moja: haukai mahali pamoja. Hapa kwetu unageuka mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, kipimo tulichokirithi kutoka Ulaya. Marekani wao ni 60. Mpiga gitaa anaweza kuisikia namba hiyo. Mitetemo 50 kwa sekunde ni sauti nzito sana, karibu na noti ya G ya chini kabisa kwenye gitaa la besi. Umeme ukiingia ndani ya amplifaya na kunyooshwa uende upande mmoja, kila mzunguko hutoa mapigo mawili, hivyo mvumo unakuwa wa 100. Hiyo ni karibu kabisa na G unayoipata ukibana uzi mnene wa gitaa kwenye nafasi ya tatu. Kwa hiyo amplifaya inayovuma haipigi kelele tu. Inaimba noti, na sikio lililozoea huanza kujua ni ipi kati ya hizo mbili, na kwa hiyo tatizo liko wapi.

Waliotutangulia hawakuwa na shida hii. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah 1948, enzi ambazo gitaa lilikuwa mbao na nyuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 magitaa ya umeme yakaanza kushika nafasi, na mvumo ukaja nayo. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna pikapu: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Kazi yake ni kuhisi uzi wa chuma ukitikisika. Lakini koili haina adabu ya kuchagua. Transfoma iliyo karibu, taa ya tyubu ukutani, chaja ya simu, vyote vinasikika humo. Mwaka 1955 mhandisi wa Gibson huko Marekani, Seth Lover, alipata ufumbuzi mzuri: aliweka koili mbili zilizozungushwa kinyume, na sumaku zao kinyume pia. Mvumo unaoingia kwenye moja unafuta mvumo wa nyingine, ila sauti ya nyuzi inajumlishwa. Gitaa langu ni la koili moja moja, la bei ya mwanafunzi.

Kwa akina babu bei haikuwa swali lao, kwa sababu vyombo havikuwa vyao. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuja 1971 chini ya Umoja wa Vijana wa TANU. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi. Mwanamuziki aliajiriwa, akalipwa mshahara, na alipohama bendi gitaa na amplifaya vilibaki kwa mwajiri. Mpango huo ulilisha muziki wetu vizuri, mpaka fedha za kigeni zilipokauka. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuagiza kipuri nje ukawa mtihani. Sasa, ndani ya amplifaya kuna kapasita, vikopo vinavyolainisha umeme baada ya kunyooshwa. Vikopo hivyo huzeeka, dawa iliyomo hukauka, na ule mvumo wa 100 hutoka mzima mzima kwenye spika. Kama huna kipya, unatafuta fundi redio atakayekutolea kwenye redio mbovu. Babu anasema waliopiga enzi hizo walijifunza kupanga nyimbo zao juu ya mvumo, kama unavyojifunza kulala jirani na mashine ya kusaga.

Fundi wa Ikwiriri aliposikia hayo akatoa hoja yake, na ilikuwa hoja ya kweli. "Mbona sisi tunapiga na kelele zetu, na watu wanacheza mpaka asubuhi?"

Ana ukoo mrefu nyuma yake. Wagogo hutoboa tundu kwenye kasha la ilimba na kuliziba kwa utando wa buibui, ili kila noti itoke na mzizimo wake. Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, aliupeleka mzizimo huo kwenye majukwaa ya dunia. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No. 1 waliunga likembe kwenye vikuza sauti vya kuundaunda, vyenye sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari. Mkwaruzo haukuwaudhi, wakaufanya kuwa muziki. Dar es Salaam, vijana wa mchiriku wa miaka ya 1990, wakiwemo Jagwa Music, walichukua vinanda vidogo vya Casio na kuvipitisha kwenye spika za tarumbeta hadi vikalia kama vinapasuka. Singeli ni mjukuu wa kelele hiyo.

Babu hakubisha. Alisema tu kwamba utando wa buibui umewekwa na mtu aliyejua anachokitaka. Huu wetu haukuwekwa na mtu. "Kwanza tujue unatoka wapi. Tukishajua, ukiupenda uache."

Hapo ndipo inapoingia hadithi ya waya wa tatu. Plagi zetu za miguu mitatu ni urithi wa Waingereza, waliozipanga mwaka 1947. Mguu wa juu ni mrefu kuliko mingine ili uingie kwanza na kufungua vilango vya matundu mawili ya chini. Sote tumewahi kuvifungua kwa kalamu au kijiti ili tuchomeke chaja ya miguu miwili, na pengine ndiyo maana tunauona mguu ule kama mlinzi wa geti, mtu wa kudanganywa upite. Kazi yake ni nyingine. Waya wake unatoka kwenye bodi ya chuma ya chombo, unapita ukutani, unatoka nje na kushuka kwenye fimbo iliyozikwa udongoni. Waya wenye moto ukichubuka ndani na kugusa bodi, umeme unapata njia ya kwenda ardhini bila kupitia kwako, na swichi kuu inakata. Huo ndio ethi.

Lakini waya huo huo una shughuli ya pili katika muziki: unabeba ngao inayozuia gitaa na kebo visiokote kelele. Na vyombo viwili vilivyounganishwa kwa kebo vikipata ethi katika sehemu mbili tofauti, vinafanya duara, na duara hilo linavuma. Ukikata ethi ya kimoja, duara linakatika na kimya kinakuja. Hila hiyo inafanya kazi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Anayekata anasikia matokeo mazuri mara moja. Ubaya unasubiri siku ambayo waya utachubuka.

Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alishika kipaza sauti ambacho hakikuwa na ethi. Alifia jukwaani. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, aliuawa na umeme nyumbani kwake akipiga gitaa. Mpiga gitaa yuko mahali pabaya: vidole viko kwenye nyuzi za chuma zilizounganishwa na bodi ya amplifaya, na midomo iko kwenye chuma cha kipaza sauti kinachotoka kwenye chombo kingine. Vyombo viwili vikitofautiana, yeye ndiye waya.

Babu hakuhitaji Swansea. Alikuwa ameshuhudia mwimbaji wao akirushwa nyuma na kipaza sauti, ukumbi ukadhani ni mtindo mpya wa kucheza. Alipona, lakini tangu siku hiyo aliimba akiwa mbali na kipaza sauti kwa urefu wa kiganja.

Basi tukaanza kutafuta, babu akiongoza kwa kidole. Kwanza nilishusha sauti hadi sifuri: mvumo ukatoweka. Kapasita zilikuwa nzima, kwani mvumo wa kapasita haujali kitasa cha sauti. Nikachomoa gitaa, nikapandisha sauti: kimya. Tukabadilisha kebo: mvumo ule ule. Nikageuka na gitaa, nikaipa mgongo taa ya tyubu: ulipungua kidogo tu. Kisha akaniambia nishike nyuzi. Gitaa zima likishikwa, mvumo hupungua, kwa sababu ngao ya mwili wako inapata njia ya kwenda ethi. Wangu haukupungua, na vidoleni nilihisi kama chungu wanatembea.

"Weka chini," babu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Fundi alichomoa testa mfukoni na kuigusisha kwenye chuma cha gitaa. Kitaa chake kikawaka.

Tulizima kila kitu, tukazunguka nyuma ya nyumba. Fimbo ya ethi ilikuwepo, imesimama kwenye mchanga mkavu. Waya wa shaba uliotakiwa kushuka kwake ulikuwa umekatwa kwa juu na kwa chini. Hakuna aliyeuliza umekwenda wapi. Shaba inauzika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Nyumba ya shangazi ilikuwa imekaa bila ethi kwa siku zisizojulikana, na kitu cha kwanza kulisema hilo kwa sauti kilikuwa amplifaya ya babu. Tungekata waya kwenye plagi, tungekuwa tunakata kitu ambacho hakipo, huku mikisa na kipaza sauti vikipata umeme wa jenereta, na mimi katikati.

Jirani wa pili ethi yake ilikuwa salama. Tukavuta ekstenshen kutoka kwake, tukachomeka amplifaya na mikisa pamoja mahali pamoja, jenereta likapumzika. Testa haikuwaka. Mvumo ulishuka hadi kubaki uzi mwembamba wa sauti nzito, ukibadilika nilipogeuka.

"Huo ni wa gitaa lako," babu akasema. "Huo hauui."

Shangazi aliahidi kumwita fundi umeme Jumatatu, na mpaka hapo hakuna kuchomeka pasi. Tukapiga nyimbo zetu tatu, ya pili katika G, ambayo babu aliichagua huku akitabasamu. Tulipomaliza nilimkuta fundi wa Ikwiriri amechuchumaa pembeni na tochi ya simu, akizikagua ekstenshen zake moja baada ya nyingine. Mbili hazikuwa na mguu wa tatu. Alikuwa ameivunja mwenyewe, akasema, mwaka jana, kwenye harusi iliyokuwa na kelele.