Usiku Truman Alipotwaa Viwanda vya Chuma

Saa nne na nusu usiku, tarehe 8 Aprili 1952, Rais Harry Truman wa Marekani alizungumza na wananchi wake kupitia redio na televisheni, akawaambia kwamba serikali inavichukua viwanda vikubwa vya chuma nchini. Mgomo wa wafanyakazi wapatao 600,000 ulikuwa uanze kabla ya saa mbili kupita. Wanajeshi wa Marekani walikuwa wakipigana Korea tangu katikati ya mwaka 1950, na bila chuma, alisema Truman, hakuna vifaru wala mizinga. Kazi ya kuvishika viwanda alipewa Waziri wa Biashara, Charles Sawyer.

Jeshi halikutumwa popote. Wakurugenzi wa kampuni waliachwa kwenye viti vyao, ila sasa wakihesabiwa kuwa mameneja wa serikali. Hata hivyo wenye mali hawakusubiri kukuche: usiku ule ule mawakili wao walimfuata jaji nyumbani kwake wakiomba amri ya kuzuia utwaaji huo.

Chanzo chake kilikuwa ugomvi wa mishahara. Chama cha wafanyakazi wa chuma, chini ya Philip Murray, kilidai nyongeza. Bodi ya serikali iliyosimamia mishahara wakati wa vita iliona madai hayo yana msingi, lakini kampuni zikagoma kulipa mpaka ziruhusiwe kupandisha bei ya chuma, ambayo nayo ilikuwa chini ya udhibiti wa serikali. Truman aliziona zimejaa tamaa, na hakulificha hilo hewani.

Sheria ya kutumia ilikuwepo. Sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947 ilimruhusu rais kwenda mahakamani kusimamisha mgomo kwa siku 80. Truman hakuipenda tangu mwanzo. Aliipinga kwa kura ya turufu na Bunge likaipitisha hivyo hivyo. Alikuwa pia na hoja ya maana: wafanyakazi walikwisha kuahirisha mgomo wao kwa hiari kwa siku 99, kwa nini sasa awafunge mikono kwa siku nyingine 80 na kuwaacha waajiri wakistarehe? Tatizo ni kwamba Bunge, lilipokuwa likijadili sheria hiyo, lilipewa pendekezo la kumruhusu rais kutwaa viwanda vyenye migomo, na likalikataa. Truman alijichukulia kitu ambacho wabunge walikuwa wamekataa kutoa.

Ndipo swali likawa la katiba. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya Marekani kinalipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita, kuunda majeshi na kuidhinisha fedha zake, tena fedha za jeshi la nchi kavu zisipitishwe kwa zaidi ya miaka miwili kwa mkupuo. Kifungu cha pili kinamfanya rais kuwa amiri jeshi mkuu. Walioiandika mwaka 1787 waliwajua vizuri wafalme wa Ulaya, na hawakutaka mtu anayeongoza vita ndiye huyo huyo aamue kuianzisha na kujilipia gharama zake. Vita ya Korea ilikuwa imeuruka mpango huo. Bunge halikuitangaza. Truman alipeleka askari kwa uamuzi wake, akiegemea maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na mwandishi wa habari alipomuuliza kama hiyo ni operesheni ya polisi tu, alikubali.

Mbele ya Jaji David Pine wa mahakama ya wilaya jijini Washington, wakili wa serikali, Holmes Baldridge, alijichimbia shimo. Alidai kwamba mamlaka ya rais yana mipaka miwili tu, sanduku la kura na kung'olewa madarakani na Bunge. Jaji akataka kuhakikisha amesikia sawasawa: yaani Katiba iliwawekea mipaka wabunge na majaji, rais ikamwacha huru? Baldridge akajibu kwamba ndivyo serikali inavyoisoma. Magazeti yalimshukia, na Truman mwenyewe akalazimika kueleza hadharani kwamba mamlaka yake yana mipaka. Tarehe 29 Aprili Pine alibatilisha utwaaji. Hukumu yake ilisimamishwa wakati wa rufaa, na kufikia katikati ya Mei kesi ilikuwa imefika Mahakama ya Juu. Upande wa kampuni ulisimamiwa na John W. Davis, mzee wa miaka 79 ambaye mwaka 1924 aligombea urais kwa tiketi ya Democratic, chama cha Truman.

Truman hakuwa na sababu ya kuogopa, au ndivyo ilivyoonekana. Majaji wote tisa waliteuliwa na yeye au na mtangulizi wake, Franklin Roosevelt. Wanne walikuwa wateule wake, na mmoja wao, Tom Clark, alikuwa Mwanasheria Mkuu katika serikali yake kabla ya kuvaa joho.

Tarehe 2 Juni walimwangusha kwa kura sita dhidi ya tatu. Clark alikuwa kati ya sita. Jaji Hugo Black, aliyeandika hukumu ya mahakama, hakuzunguka: kutunga sheria ni kazi ya Bunge, wakati wa vita na wakati wa amani, na cheo cha amiri jeshi mkuu hakimruhusu rais kushika mali za watu nchini kwake ili kumaliza mgogoro wa kazi.

Hata hivyo, maandishi ambayo wanasheria wanayarudia mpaka leo ni ya Jaji Robert Jackson, aliyekubaliana na matokeo kwa sababu zake. Alisema nguvu ya rais hupanda na kushuka kulingana na msimamo wa Bunge. Akitenda kwa idhini yake, yuko imara kabisa. Bunge likinyamaza, anaingia kwenye eneo la utusitusi ambako mengi yataamuliwa na hali ya mambo. Akienda kinyume na kauli yake, anabaki na kile kidogo alichopewa na Katiba yenyewe, na Truman alikuwa hapo. Jackson aliona hatari pia katika rais anayeingia vitani ng'ambo kwa uamuzi wake halafu akaitumia vita hiyo hiyo kujiongezea mamlaka nyumbani. Mawakili wa serikali walimkumbusha kwamba mwaka 1941, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Roosevelt, yeye mwenyewe alitetea utwaaji wa kiwanda cha ndege huko California. Jackson alijibu kwamba maneno ya wakili hayamfungi jaji. Jibu la kijanja, lakini la haki.

Truman alivirudisha viwanda siku hiyo hiyo. Alikasirika na hakulificha, lakini alitii. Wafanyakazi wakatoka, na mgomo ukachukua siku 53, hadi rais alipowakutanisha viongozi wa pande mbili Ikulu mwezi Julai.

Kesi hii husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba mizani ya mihimili mitatu haiyumbi hata mizinga ikilia. Rekodi ya Black mwenyewe inaitia doa simulizi hiyo. Miaka saba na nusu tu kabla, Desemba 1944, kalamu hiyo hiyo iliandika hukumu ya Korematsu, iliyohalalisha amri za kuwaondoa Wamarekani wenye asili ya Japani katika pwani ya magharibi. Watu wapatao 120,000 waliondolewa majumbani mwao na kuwekwa kambini, wengi wao wakiwa raia. Kura zilikuwa sita kwa tatu vilevile, na safari ile Jackson alikuwa upande wa walioshindwa. Lipo jambo chungu kwamba tanuri za chuma zilipata ulinzi ambao familia za Wajapani wa California hazikuupata. Sehemu ya maelezo inapatikana katika ngazi za Jackson: amri ya Roosevelt ya mwaka 1942 iliungwa mkono na sheria ya Bunge, ya Truman haikuungwa na chochote. Mihimili miwili ikishikamana, wa tatu huona taabu kusimama peke yake.

Tena mahakama haitiiwi kila mara, wala haiwahi kila mara. Katika Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe, Rais Abraham Lincoln alipuuza uamuzi wa Jaji Mkuu Roger Taney mwaka 1861, kuhusu mtu aliyeshikiliwa na jeshi huko Maryland. Ilipotolewa hukumu ya Milligan, iliyokataza mahakama za kijeshi kuhukumu raia pale mahakama za kawaida zinapofanya kazi, ulikuwa mwaka 1866. Vita ilikwisha, na Lincoln alikuwa kaburini.

Kwa hiyo silaha nzito zaidi iko bungeni, na Vietnam iliwafundisha wabunge hilo kwa gharama kubwa. Agosti 1964 walimpa Rais Lyndon Johnson azimio la Ghuba ya Tonkin, lililomruhusu kutumia majeshi huko, kwa kura 416 kwa sifuri katika Baraza la Wawakilishi na 88 kwa 2 katika Seneti. Walilifuta baadaye, vita ikaendelea. Kilichofanya kazi ni mkoba: sheria ya mwaka 1973 ilikata fedha za mapigano ya Marekani katika Indochina yote kuanzia tarehe 15 Agosti. Novemba mwaka huo wakapitisha, juu ya kura ya turufu ya Rais Richard Nixon, sheria inayomtaka rais aliarifu Bunge ndani ya saa 48 baada ya kuingiza majeshi vitani, na kuyaondoa baada ya siku 60 asipopata idhini, akiwa na siku 30 za nyongeza ikiwa usalama wa askari unahitaji hivyo.

Libya iliipima sheria hiyo. Machi 2011 Rais Barack Obama aliamuru mashambulizi ya anga dhidi ya majeshi ya Muammar Gaddafi bila idhini ya Bunge. Siku 60 zilipokwisha, serikali yake ilieleza kwamba kinachofanyika huko hakifikii kuwa mapigano kwa maana ya sheria ya 1973, kwani hakuna askari wa ardhini na adui hawezi kujibu sana. Tarehe 24 Juni Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mbili. Katika ya kwanza lilikataa kuidhinisha operesheni hiyo, kura 295 dhidi ya 123. Katika ya pili, siku hiyo hiyo, lilikataa kuipunguzia fedha, kura 238 dhidi ya 180. Ndege ziliendelea kuruka hadi Oktoba.