Jiwe la Mizani Liko Jangwani

Aprili 2022 mvua kubwa iliporomosha miteremko ya Durban, nyumba zikaenda na udongo, na zaidi ya watu 430 wakafa mkoani KwaZulu-Natal. Hapa chamani tuliulizana: miteremko ile ilikuwaje miaka arobaini iliyopita? Ilikuwa na miti? Nyumba zilianza lini kupanda kilima? Maswali ya namna hii ni ya historia, na sehemu ya majibu imehifadhiwa katika picha za setilaiti. Marekani ilirusha Landsat ya kwanza tarehe 23 Julai 1972, na zilizoifuata zinaendelea kuipiga picha dunia mpaka leo. (Kwa Wazanzibari wa hapa mjini zilichelewa. Wazee wao, walioletwa Durban kuanzia 1873, walihamishwa kutoka Kings Rest, kule Bluff, kwenda Chatsworth katika miaka ya 1960. Hakuna Landsat iliyowahi kuuona mtaa wao wa kwanza.)

Sasa, unalinganishaje picha ya 1986 na ya 2022? Setilaiti haijui kijani wala msitu. Inapima mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini na kuugeuza kuwa namba. Kihisi kinachopima hutikiswa vibaya wakati wa kurushwa, kisha hukaa miaka mingi katika jua kali lisilochujwa na hewa, na polepole huchakaa. Basi mtu anaweza kuandika kwamba miti ya Durban imepungua, kumbe jicho ndilo lililofifia. Sokoni, mkaguzi wa vipimo huja na jiwe lake la mizani na kuliweka juu ya mizani ya muuzaji. Nani atalipeleka jiwe hilo kilomita 705 juu?

Wahandisi waliweka taa ndani ya setilaiti yenyewe, ili kihisi kiitazame na kujipima. Landsat 5, iliyorushwa tarehe 1 Machi 1984, ilikuwa nazo. Ilitarajiwa kufanya kazi miaka 3 tu, ikafika 2013! Lakini taa nazo huzeeka, na ikawa vigumu kujua ni kipi kilichofifia, taa au kihisi. Ilibidi kutafuta kitu huku chini kisichobadilika.

Durban isingefaa kabisa. Hewa yetu ina unyevu, mawingu hayaishi, na mashamba ya miwa hubadilika rangi kila yanapokatwa na kuchipua. Kinachotakiwa ni mahali pakavu, peupe, papana, pasipo majani, penye mawingu machache. Mwaka 1996 watafiti wa Ufaransa, Cosnefroy na wenzake, walichapisha orodha ya maeneo 20 ya Sahara na Arabuni, kila moja kilomita 100 kwa 100. Baadaye kamati ya kimataifa ya setilaiti za kuangalia dunia, CEOS, iliteua sita yawe ya kutumiwa na wote: mawili Libya, mawili Algeria, mawili Mauritania. Yana majina makavu kama ya vituo vya basi. Libya-4 ndilo linalotajwa sana, nalo ni matuta ya mchanga tu mashariki mwa nchi hiyo. Vita vya Libya tangu 2011 vimewazuia watu wengi kufika nchini, ila setilaiti hupita juu bila viza.

Mwaka 2007 hesabu za Landsat 5 zilisahihishwa kwa kutumia majangwa hayo ya Afrika Kaskazini, na usahihisho ukarudi nyuma mpaka picha za 1984. Kwa hiyo hata picha za zamani za Durban zilipata namba mpya, kwa ushahidi wa mchanga wa Sahara. Tunaona ni ajabu kwamba jambo hili halisimuliwi katika historia ya bara letu.

Njia nyingine ni kupima ardhini saa ileile setilaiti inapopita. Zamani watu walisafiri na vifaa vyao, kwa mfano mpaka Railroad Valley, Nevada, wakiomba mawingu yasije. Siku hizi mtandao uitwao RadCalNet una mashine zinazopima zenyewe, kila nusu saa, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Vituo vyake vinne vya mwanzo viko Marekani, Ufaransa, China na Gobabeb, Namibia. Kituo cha utafiti cha Gobabeb kipo tangu miaka ya 1960, kando ya mto Kuiseb: kusini matuta, kaskazini uwanda wa changarawe. Kifaa cha RadCalNet kilianza kazi huko uwandani mwaka 2017. Tusiseme ni jangwa tupu, maana Watopnaar wameishi kando ya mto huo vizazi vingi na kuvuna matunda ya nara.

Setilaiti ndogo ndizo zinazohitaji sana maeneo haya, kwa kuwa mara nyingi hazina nafasi ya kubeba taa na vifaa vya kujipimia. Afrika Kusini ilirusha Sunsat ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch mwaka 1999, kisha Sumbandila mwaka 2009. Kenya ilifuata na Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, ili kuangalia mashamba na mazingira yake kwa jicho lake yenyewe.