Protini Iliyowahadaa Wapasuaji wa Moyo

Waliolijua jambo hili mwanzo ni ndugu wa wagonjwa. Mzee anaingia chumba cha upasuaji akili yake timamu. Kidonda kinapona vizuri, lakini akirudi nyumbani hesabu zinampotea na majina ya wajukuu anayachanganya. Mwaka 1955 daktari P. D. Bedford wa Oxford, Uingereza, aliamua kutoyapuuza manung'uniko hayo. Alipitia habari za wagonjwa 1,193 wa umri mkubwa waliopasuliwa chini ya nusukaputi, akachapisha matokeo katika jarida la The Lancet. Alishuku dawa za usingizi na kushuka kwa presha, akashauri wazee wasipasuliwe ila pale inapobidi kweli.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 shuku yake kupimwa sawasawa. Mwaka 1998 utafiti wa hospitali 13 katika nchi 8 ulifuatilia wagonjwa 1,218 wenye miaka 60 na kuendelea. Baada ya wiki moja, asilimia 25.8 walikuwa wamepungukiwa na uwezo wa kukumbuka na kufikiri. Baada ya miezi mitatu walibaki asilimia 9.9. Ajabu ni kwamba presha ya chini na upungufu wa oksijeni, washtakiwa wa siku zote, havikuonekana kuwa na hatia.

Lakini vipimo vyenyewe vilikuwa vya kukariri maneno na kuunganisha namba kwenye karatasi. Mzee mwenye maumivu, aliyekosa usingizi, anaweza kushindwa mtihani huo bila ubongo wake kuwa na kasoro. Ndiyo maana madaktari walitamani damu iwape jibu.

Wapasuaji wa moyo walidhani wamekwisha kulipata. Protini ya S100, iliyogunduliwa mwaka 1965 katika ubongo wa ng'ombe na Mmarekani Blake Moore, ina aina moja, S100B, iliyojaa katika seli zinazotegemeza neva. Ikionekana kwa wingi kwenye damu, walisema, basi ubongo umeumia. Katika miaka ya 1990 walipima wagonjwa waliounganishwa na mashine ya moyo na mapafu, wakakuta viwango vimepaa. Hofu ikatanda.

Kumbe sehemu kubwa ya protini ile haikutoka kichwani. Baadaye watafiti wa Sweden walionyesha kuwa S100B imo pia katika mafuta, misuli na uboho wa kifua kilichofunguliwa. Damu iliyovuja kidondani ilikuwa ikifyonzwa na mashine na kurudishwa mwilini pamoja na protini hiyo. Kwa miaka kadhaa, basi, watu walipima mafuta ya kifua wakaandika habari za ubongo! Kipimo kingine kilichotegemewa, kimeng'enya kiitwacho enolesi ya neva, nacho kiliangushwa na kasoro ya aina hiyohiyo: kimo pia ndani ya chembe nyekundu za damu, na mashine huzipasua.

Tumaini lilirudi mwaka 2010, maabara ya David Walt huko Marekani ilipoonyesha namna ya kuhesabu molekuli za protini moja moja. Sasa protini ya nyuzi za neva, neurofilamenti nyepesi, ikaweza kupimwa kwenye damu hata ikiwa kidogo mno. Mwaka 2018 Lis Evered wa Melbourne na wenzake walichapisha kwamba protini hiyo, pamoja na nyingine iitwayo tau, hupanda baada ya upasuaji. Wagonjwa wao walikuwa wachache. Tena neurofilamenti hutoka hata kwenye neva za mikono na miguu, na huongezeka kwa umri na kwa figo dhaifu. Kwangu mimi, swali lililoiangusha S100B bado liko mezani: hii imetoka wapi?

Mpaka leo hakuna kipimo cha damu ambacho daktari anaweza kukitegemea peke yake kusema akili ya mzee itadhoofika au la. Basi, ukimpeleka mzazi kupasuliwa, mweleze daktari mapema kama ameshaanza kusahau, na uombe kumbukumbu yake ipimwe kabla ya kisu, ili baadaye pawe na cha kulinganisha.