Asili ya Chumvi Katika Visima vya Mafia

Kusini-magharibi ya kisiwa cha Mafia pana rasi iitwayo Ras Kisimani. Hapo ulikuwapo mji wa kale, na sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimeonekana katika magofu yake, nazo zashuhudia biashara na utawala wa zamani. Lakini ushahidi tunaotaka kuutazama hapa ni jina lenyewe. Mji ule unajulikana hata leo kwa jina la Kisimani, yaani mahali penye kisima.

Jina hili latukumbusha jambo ambalo mara nyingi husahauliwa katika habari za pwani. Twasoma juu ya majahazi, na Wareno, na Waarabu, na Wajerumani, wala hatusomi sana juu ya maji ya kunywa. Na bila maji matamu hapana mji. Katika makala haya twakusudia kueleza habari za visima vya Mafia, hasa vile ambavyo watu huchimba katika viwanja vyao wenyewe, na kutafuta jibu la swali moja: chumvi iingiapo kisimani hutoka wapi?

Kwanza tutazame maneno. Mtu wa pwani husema maji matamu, au maji baridi, akiwa na maana ya maji yasiyo na chumvi, hata kama yamepata moto wa jua. Kinyume chake ni maji ya chumvi, na katikati yake husema maji ya chumvichumvi. Lakini neno hili hubebeshwa mizigo mingi. Maji yaliyopita katika mawe ya matumbawe huwa na chokaa. Sabuni haitoi povu, nguo hukakamaa, na watu husema, “Maji haya yana chumvi,” kumbe ni chokaa tu. Basi ulimi na sabuni ni mashahidi, lakini si waamuzi.

Sasa tutazame nchi. Visiwa vya Juani, Chole na Jibondo ni vya mawe ya matumbawe, yenye matundu yapitishayo maji upesi. Kisiwa kikubwa kina mchanga mwingi juu ya mawe, na ndani yake mna mabwawa ya maji matamu, hata viboko hukaa humo. Mji wa Kua, katika Juani, uliharibiwa na Wasakalava waliotoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Baada ya hapo Chole kikawa makao ya watawala, na Wajerumani walioipata Mafia mwaka 1890 walikaa huko mpaka walipohamia Kilindoni mwaka 1913. Watu wa Jibondo, mabaharia na wajenzi wa vyombo, kwa miaka mingi wametegemea maji ya mvua na maji yaliyoletwa kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa. Ndivyo aina ya ardhi ilivyoamua nani ateke maji mlangoni pake, na nani ayavushe baharini.

Sababu ya mambo haya ilielezwa na Mholanzi W. Badon Ghijben mwaka 1889, na tena na Mjerumani A. Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa utafiti wake. Mvua inyeshapo kisiwani huzama mpaka ikutane na maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi. Maji matamu ni mepesi kidogo, kwa hiyo huelea juu ya yale ya chumvi, na hapo yanapogusana huchanganyika. Kwa kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwapo kama futi 40 chini ya usawa huo. Hesabu hii yafurahisha, na tena yatisha. Maana maji matamu yakishushwa futi 1 na kukaa hivyo, mpaka wa maji ya chumvi mwishowe waweza kupanda kama futi 40.

Ndiyo maana mtu ambaye maji yake yameharibika, akaamua kuchimba zaidi, huruka majivu akakanyaga moto. Wazee walichimba visima vifupi, wakateka kwa ndoo na kamba. Teko hilo lilikuwa na kipimo chake, kwani mkono huchoka kabla ya kisima. Pampu haichoki. Ikivuta kwa nguvu mahali pamoja, maji ya chumvi huinuka chini yake kama kichuguu, ijapokuwa kisima cha jirani, kilicho umbali ule ule kutoka pwani, bado ni kitamu.

Lakini bahari haipiti chini tu. Huingia kwa juu pia, wakati wa bamvua kubwa au tufani. Tufani ya Hidaya, iliyofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, yatukumbusha kwamba visiwa hivi haviko nje ya njia ya dhoruba. Baada ya gharika ya bahari ya tarehe 26 Desemba 2004, maelfu ya visima vya Sri Lanka vilijaa maji ya chumvi. Na ikaonekana kwamba kuvikausha mara nyingi kwa pampu kwaweza kuvuta chumvi zaidi kutoka chini. Tena upepo wa kusi na wa kaskazi huchukua marasharasha ya mawimbi na kuyatupa nchi kavu, na mvua huyashusha ardhini.

Iko njia nyingine, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike. Mkojo wa mtu una chumvi. Choo cha shimo kilicho karibu na kisima, katika mchanga au matumbawe, chaweza kupeleka chumvi hiyo majini, pamoja na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Chumvi ya bahari huharibu chai na kuozesha bati. Chumvi ya choo ni barua itangulizayo maradhi. Kila mtu akisema, “Ni bahari tu,” choo hupona lawama, na watoto huendelea kunywa.

Habari ya kutenganisha chumvi hizi mbili si mpya. Huko Marekani, tangu mwaka 1887, mwanamke mtaalamu wa kemia, Ellen Swallow Richards, alishughulika na upimaji wa maji ya jimbo la Massachusetts. Katika maelfu ya maji yaliyopimwa, alionyesha kuwa klorini, iliyo sehemu ya chumvi, huwa nyingi pwani na kupungua kwa taratibu kuelekea bara. Ikachorwa ramani yenye mistari ya kiasi cha kawaida cha kila mahali. Kisima kilichozidi mstari wake kilishukiwa kuwa kimeingiwa na uchafu wa watu.

Njia hiyo yafaa Mafia pia. Visima vipimwe kwa mstari, kuanzia pwani kwenda ndani, wala si kimoja peke yake. Kila kimoja kipimwe maji yakijaa na yakipwa, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, mwisho wa kiangazi na katikati ya masika. Chumvi ipandayo kiangazi na kupungua masika mara nyingi ni ya bahari itokayo chini. Ile izidiyo baada ya kuteka sana, ikapungua kisima kikipumzishwa, ni kazi ya pampu. Kisima kiharibikacho mvua zianzapo, hali cha jirani chatengenea, chatutaka tutazame choo. Penye maabara, nitrati nyingi huongeza shaka hiyo. Tena hupimwa bromidi: katika maji ya bahari kloridi ni kama mara 290 ya bromidi, na katika uchafu wa watu huzidi hapo, kwa kuwa chumvi ya chakula imepoteza bromidi nyingi ilipogandishwa.

Hata hivyo vipimo vya leo havisemi habari za jana. Hizo ziko kwa wazee. Basi twawaomba walimu na makasisi walio pwani waandike katika daftari, kwa kila kisima cha jirani zao: jina lake, aliyekichimba na mwaka wake, kina chake, umbali wake na pwani na choo, pampu iliwekwa lini, na ladha ilianza kugeuka lini. Mahali pengine mwaka wa chumvi utaonekana kuwa mwaka wa pampu. Pengine mwaka wa tufani. Na pengine mwaka jirani alipochimba choo kipya. Hapo watu watajua kama yawapasa kupunguza kuteka, au kungoja mvua, au kuhamisha choo kabla maradhi hayajaingia nyumbani.