Inchi Tano

Maji ya Silibwet huishia Tanzania. Mvua ikinyesha huku juu, kwenye majani chai na vishamba vyetu vya viazi, maji yanateremka hadi mto Nyangores. Nyangores unakutana na Amala na kuwa Mara, na Mara unapita katikati ya nyumbu na watalii, unavuka mpaka bila pasipoti, kisha unaingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Samaki ndiye anayerudi kwa njia nyingine: kwa gari, kutoka Kisumu au Homa Bay, kupitia Sondu, mpaka sokoni kwetu. Na mara nyingi akifika amebaki kichwa, mifupa na mkia. Hiyo tunaiita mgongo wazi. Tanzania wanaiita mapanki. Minofu yake imeshapanda ndege.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda nyumbani. Kilichobaki nacho ni tabia ya kusoma nyaraka ambazo hakuna anayenilipa kuzisoma. Hivyo ndivyo nilivyoanza kufuata historia ya sheria za ziwa hili, nikitaka kujua jambo moja tu: nchi tatu zinazolimiliki, zimewahi kweli kulitunza kama ziwa moja?

Jibu linaanza na reli. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na si muda mrefu baadaye zikaingia nyavu za kiwandani, zile za kutegwa usiku na kuvuliwa asubuhi. Samaki aliyekuwa akitakwa na kila mtu alikuwa ngege. Kabla ya hapo watu wa ziwa walivua kwa migono, kwa uzio wa matete, kwa ndoana, na kila ukoo ulijua maji yake yanaishia wapi. Wavu mpya haukuuliza ukoo wa mtu. Kufikia miaka ya 1920 ngege walikuwa wanapungua, hasa katika ghuba ya upande wa Kenya, na wakoloni wakaanza kukuna vichwa.

Wakamleta mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Michael Graham. Alizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ikachapishwa 1929. Alisema mambo mawili ambayo, kusema ukweli, mpaka leo hakuna mkutano wa ziwa ulioyapita kwa uzito. La kwanza: tundu la wavu lisipungue inchi tano, ili ngege mchanga apite, akue, azae. La pili: ziwa lote liwe na mamlaka moja ya kusimamia uvuvi na kuweka hesabu. Ebu fikiria. Wakati huo ziwa lilikuwa chini ya Mwingereza mmoja, na bado Graham aliona kwamba Kenya, Uganda na Tanganyika zitavutana.

Inchi tano zikawa sheria katika miaka ya 1930. Mamlaka moja ilichelewa: ni mwaka 1947 ndipo ilipoanzishwa idara ya pamoja ya uvuvi wa Ziwa Viktoria, na mwaka huohuo kikaanza kituo cha utafiti kule Jinja, kando ya mahali Nile inapotoka ziwani. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na maofisa ambao kazi yao haikuwa samaki wa Kenya au samaki wa Uganda, bali samaki wa ziwa.

Haikudumu. Na namna ilivyovunjika ndiyo inayonikera, kwa sababu hakuna aliyeivunja kwa nia mbaya. Wavuvi walikuwa wengi, eneo ni kubwa (kilomita za mraba karibu 68,800, yaani Bomet nzima ingeingia humo mara ishirini na zaidi), askari wa uvuvi wachache. Nyavu za matundu madogo zilikuwa zinauzwa na kutumika usiku. Sheria isiyoshikika ni aibu kwa serikali, basi Uganda na Tanganyika wakaiondoa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Kenya ikabaki nayo kwa muda mfupi. Lakini utamwambiaje mvuvi wa Muhuru Bay asitumie wavu wa inchi nne, na jirani yake wa Shirati, anayeonekana kwa macho, anautumia bila kuulizwa? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kenya nayo ikaachilia. Idara ya pamoja ilikuwa imeshavunjwa mwaka 1960, kila nchi ikachukua wavuvi wake.

Angalia pia kilichotokea katika miaka hiyohiyo. Maofisa wa uvuvi walitaka kuleta sangara, yule tunayemwita mbuta, samaki mkubwa mla samaki wenzake kutoka maji ya Nile. Wanasayansi wa Jinja hawakukubaliana na wazo hilo. Geoffrey Fryer alichapisha pingamizi lake mwaka 1960. Alikuwa amechelewa, kwa sababu sangara tayari alikuwa ndani, na miaka michache baadaye akaongezwa rasmi upande wa Uganda na upande wa Kisumu. Ziwa likabadilika kwa uamuzi ambao nchi zote tatu hazikukaa meza moja kuufikia. Katika miaka ya 1980 sangara akalipuka kwa wingi, fulu wakatoweka aina kwa aina, viwanda vya minofu vikafunguliwa Kisumu, Mwanza na Jinja. Mgongo wazi ulizaliwa hapo: kiwanda kinachukua nyama, sisi tunachukua kilichobaki.

Kuna kipindi katikati ambacho nakipita haraka maana hakuna mengi ya kusema. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na utafiti wa pamoja ukaenda nayo. Kenya ikaunda taasisi yake, Tanzania yake, Uganda ikabaki na majengo ya Jinja. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa kwa miaka. FAO ikawa ndiyo inawakalisha pamoja watu ambao zamani walikuwa ofisi moja.

Kisha, tarehe 30 Juni 1994, mjini Kisumu, nchi tatu zikatia sahihi mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria. Makao makuu? Jinja, tena. Nimeusoma mkataba huo. Ni waraka wa adabu sana. Unazungumzia kuoanisha sheria za nchi, kushauriana, kupendekeza, na uamuzi wa mwisho ni wa baraza la mawaziri, kwa kuafikiana. Neno ambalo hulioni ni kukamata. Shirika halina boti ya doria, halina mahakama. Likisema sangara anayevuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85, mdogo aachwe akue na mkubwa aachwe azae, kila nchi inakwenda nyumbani kuiandika katika sheria yake na kutafuta askari wake.

Wapo wanaoliona shirika hilo kama ofisi ya semina na posho. Mimi sioni hivyo, na sababu yangu ni miaka ya 1997 hadi 2000. Ulaya ilifunga soko lake kwa samaki wa ziwa, safari moja baada ya nyingine: bakteria, kipindupindu, halafu mwaka 1999 habari za watu wanaovua kwa sumu. Viwanda vilisimama, vibarua wakarudishwa nyumbani. Hapo ndipo kila serikali ilipogundua kwamba mnunuzi wa mbali haangalii mtumbwi ulitoka kwa nani. Sumu ya mwalo mmoja ilikuwa hasara ya ziwa zima. Maabara zikajengwa, mialo ikasafishwa, wakaguzi wakafunzwa kwa viwango vinavyofanana, na kamati za wavuvi wenyewe kwenye mialo, zile BMU, zikapewa nguvu ya kisheria nchi baada ya nchi. Inauma kidogo kwamba ilibidi tumbo la Mzungu liumwe kwanza. Lakini ilifanyika, na ilifanyika kwa sababu tayari kulikuwa na meza Jinja ya kukalia.

Meza hiyo ina mipaka yake, na jina la mpaka mmoja ni Migingo. Kijiwe cha mabati, hata ekari moja hakifiki, kilichozungukwa na maji ya sangara. Mwaka 2009 Kenya na Uganda zilikaribia kukosana kabisa juu yake, hadi vijana wa Kibera wakang'oa reli ya kwenda Uganda. Rais Museveni alisema, kwa maana, kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Watu walicheka. Mimi nadhani aliligusa jambo lenyewe kuliko mawaziri wote, kwani hakuna aliyekuwa anagombea mawe. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa, Uganda 43, Tanzania 51, na wavuvi wa Kenya hawajawahi kuishi ndani ya asilimia 6. Uganda ilipoingiza jeshi katika doria za uvuvi mwaka 2017, hao ndio waliokuwa wakikamatwa na kusindikizwa ng'ambo.

Hata omena ana siasa hiyo. Kenya hufunga uvuvi wake kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai ili azaliane. Majirani hawafungi kwa kalenda hiyo. Basi mwezi wa tano mama anayeniuzia samaki hupandisha bei ya kikombe na kueleza kwamba huyu ni wa Mwanza, amelipiwa mpakani. Ni samaki yuleyule, wa ziwa lilelile lililofungwa.

Kitu ambacho shirika limefanya vizuri ni kuhesabu. Tangu mwaka 2000, kila baada ya miaka miwili hivi, nchi zote tatu hutembelea kila mwalo kwa wakati mmoja, kwa fomu ileile, na kuandika mitumbwi, wavuvi, injini, nyavu na ukubwa wa matundu yake. Ile hesabu ya Graham hatimaye ipo. Mwaka 2000 walikuta mitumbwi zaidi ya 42,000. Mwaka 2016 ilikuwa imepita 70,000. Fomu zinaonyesha pia nyavu za chini ya inchi tano, nchi kwa nchi, katika safu yake mwenyewe.